Mita Moja Kutoka kwa Susu

Tangu nirudi, kila anayenikuta ananiuliza swali moja: picha ilitoka? Nimejibu "ngoja nitakwambia" mara nyingi hata naona aibu. Basi nawaandikia nyote kwa pamoja, nyinyi marafiki mnaojua kwamba ninaweza kutazama picha moja asubuhi nzima nikitafuta kosa. Kutoka Machakos mjini hadi kwa Susu, ng'ambo ya mto baada ya Wamunyu, ni safari ya kuondoka baada ya chai na kufika kabla ya chakula cha mchana. Mimi ilinichukua siku mbili. Kosa moja lilikuwa la mto. Mengine yalikuwa yangu.

Machakos: mkasi

Susu ni nyanya yangu, mama yake baba. Macho yake yanakufa. Jicho la kulia limekwisha kufungwa, na la kushoto linaona tu kitu kilicho karibu kama kiganja. Daktari alimwambia dawa itauchelewesha ugonjwa, haitaurudisha nyuma. Alipotoka huko alimwomba jirani ampigie mtu simu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

"Mume wangu," alisema, "njoo na lile jicho la babu yako. Nataka kujiona kabla sijafungiwa mlango."

Ananiita mume wangu kwa sababu nilipewa jina la marehemu mumewe, Mutinda. Jina hilo kwa Kikamba ni la mtu anayekawia, na Susu hajawahi kuacha kulitumia dhidi yetu sote wawili. Babu alikuwa na studio ya chumba kimoja mjini Masii, nyuma ya duka la mbegu. Alipiga picha nusu ya watu wa kwetu. Ukutani kwa baba wamejaa: shangazi zangu, walimu, maharusi, wote wameshikilia mkono mmoja shavuni, vidole vimekutana chini ya jicho. Nilikua nikiamini kwamba huo ulikuwa mtindo wa siku hizo. Susu peke yake hayuko ukutani. Babu alimwahidi kila mara kwamba atampiga kesho.

Jicho alilolitaja ni lenzi. Kamera ya babu ilikuwa ya zile za rangefinda, ambazo mpiga picha hatazami kupitia lenzi bali kupitia kidirisha cha pembeni. Humo huona picha mbili za uso mmoja, naye huzisogeza mpaka zikutane zikawa moja. Pazia la ndani la kamera ile limeoza na haliponi. Lakini lenzi yake, milimita hamsini, ndogo hata inaenea kwenye ngumi, ilikuwa nzima. Nilinunua pete ya chuma ya kuiunganishia na kamera yangu ya kidijitali, ya fremu kamili, ile isiyo na kioo ndani, na ikaingia kama iliyozaliwa hapo.

Kuingia si kuelewana. Lenzi ile haizungumzi na kamera hata kidogo. Unazungusha kwa mkono, unatazama mistari myekundu ambayo kamera inachora kwenye kingo zilizotulia, unakuza, unahakikisha, unapumua, na kufikia hapo mtu amekwisha kufumba macho. Na haikubali kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja. Ukisogea ndani ya hapo, kila kitu kinakuwa ukungu, uzungushe utakavyo.

Kila ninachokijua juu ya picha nilijifunza peke yangu kwenye simu, na aliyejifunza peke yake hana mwalimu wa kumwambia inatosha. Wiki tatu nilipiga lango la ploti yetu. Nilipiga pembe zake nne nikazikuza, nikaona lenzi inalegea kidogo pembeni, nikakosa hamu ya kula. Asubuhi ya kuondoka nilisafisha kila kitu upya. Kwenye kishikizo cha kamera ya zamani kulikuwa na kamba ya katani, nyeusi kwa uzee, yenye mafundo matatu, inapukutisha nyuzi. Niliogopa vumbi lake litaingia ndani ya kamera. Nikaikata kwa mkasi karibu kabisa na kishikizo. Kile kipande kidogo cha kitanzi nilikitupa. Iliyobaki nilitaka kuitupa pia, ila katoni ya Susu ilikuwa inahitaji kufungwa: sukari, majani ya chai, mkate, mafuta ya kupaka. Nikaifungia hiyo.

Halafu, kwa ajili ya usafi wa moyo tu, nikairudisha kamera yangu katika mipangilio yake ya kwanza, kama ilivyotoka dukani. Likumbukeni hilo.

Masii: pembe za picha

Kioko, ambaye tunaimba naye kwaya, alikuwa anapeleka chakula cha kuku Masii kwa pikapu, na akanipa kiti cha mbele. Alisema tutafika haraka. Kioko anajua kila mtu kati ya Machakos na Masii, na kila mtu anafuga kuku. Tulisimama mahali pengi hata nikaacha kutazama saa. Pale Makutano alishuka kusalimia, akarudi na papai tatu na habari za mazishi.

Masii ilikuwa siku ya soko. Mwenye duka tuliyempelekea magunia alikuwa ameenda kununua mbuzi, kwa hiyo tulingoja katika hoteli ndogo ya mama mmoja waliyemwita Mama Syombua. Nilikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mboga, na kwa kuwa chumba cha babu kilikuwa mtaa huohuo, nilijiona nina wajibu. Nikamwomba nimpige picha mlangoni. Alifuta mikono, akavua aproni, akasimama wima. Nikabonyeza. Kamera ikakataa. Iliandika kwenye skrini kwamba haina lenzi.

"Inasema haina lenzi," nilimweleza Kioko kwa sauti ya mtu anayezama.

"Na hiyo hapo mbele ni nini," Mama Syombua akauliza, "kikombe?"

Kuna mahali katika mipangilio pa kuiambia kamera ipige hata kama haitambui lenzi, na asubuhi ile nilikuwa nimepafuta kwa mikono yangu. Sikupakumbuka. Nilitafuta nikitokwa na jasho huku wateja wakitoa ushauri. Mmoja alisema niizime niiwashe. Mwingine alisema niombe. Nilipopapata hatimaye, Mama Syombua alikuwa ameketi, ameinuka, amehudumia meza mbili na kurudi. Nilimwomba aweke mkono shavuni, kama watu wa picha za zamani.

"Kwani naumwa na jino?"

Wote wakacheka, nami nikacheka nikiumia. Nilimpiga mara kumi na moja. Nilipomwonyesha, akasema ni nzuri, atanipa namba nimtumie. Nikamwambia hapana, bado, pembe zimelegea kidogo, hasa ile ya chini kushoto. Akaitwaa kamera akaitazama tena, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

"Pembe za nini, kijana? Mimi niko hapa katikati."

Nilimtumia picha. Nawaambia ukweli, nilimtumia baada ya kuikata pembe zote nne.

Wamunyu: maji mekundu

Kutoka Masii nilipanda boda, katoni ikiwa katikati yangu na dereva. Tulifika Wamunyu jua bado liko juu, lakini watu walikuwa wamesimama wakitazama upande wa mto. Kwetu hakukuwa na tone la mvua. Ilikuwa imenyesha mbali huko juu, na mto ambao mwaka mzima ni mchanga tu ulikuwa unapita mwekundu, umefunika ukuta wa bwawa la mchanga tunaovukia.

Mchongaji mmoja alinipa nafasi katika karakana yake, kati ya twiga ambao hawajapigwa msasa. Aliiona pete yangu ya chuma, akaigeuzageuza, akauliza ni ya mkono wa mtoto au ya kushikia kitambaa cha mezani, kwa sababu angeweza kunichongea kumi za mpingo. Nilimweleza kazi yake kwa kirefu. Alisikiliza kwa adabu kisha akasema za mpingo zingependeza zaidi.

Jirani alipiga simu kwa niaba ya Susu. Ujumbe ulikuwa mfupi: Mutinda wa kwanza alikawia mpaka akafa, huyu wa pili aambiwe asiige kila kitu.

Nililala vibaya. Maji yalikuwa kisingizio kizuri, na nilijua moyoni kwamba nilifurahi kidogo kukipata. Ningefika kesho, kesho ndipo ningeharibu picha, na leo bado ilikuwa nzima.

Ukuta wa mchanga: kamba ya mtu

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka chini ya magoti. Mwanamke anayeitwa Mama Mumo, anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda, alikuwa anavuka kwenda upande wetu na jerikani tupu. Alinipakia. Nilimwomba aende polepole kwa sababu ya kamera. Akaniambia punda huyu hajawahi kwenda kwa namna nyingine.

Tulipopanda ukingo wa pili, mkanda wa kifuani mwa punda ukakatika. Mkokoteni ukarudi nyuma, jerikani zikaviringika. Mama Mumo alitia jiwe kwenye gurudumu bila hata kupiga yowe, akatazama mizigo, macho yakatua kwenye katoni yangu.

"Nipe hiyo kamba."

Nilifungua upesi, nikampa, na kwa kweli nilifurahi kuachana nayo. Aliipima kwa kuivuta, akasema hii si ya dukani, imesokotwa na mtu mwenye subira. Akaunga mkanda kwayo bila kuikata, na punda akavuta. Katoni niliibeba mapajani, imefumbuka, mkate unachungulia nje.

Kwenye njia panda ya kwa Susu nilishuka, nikashukuru, nikaondoka. Nilikuwa nimekwenda hatua nyingi nikasikia naitwa. Mama Mumo alikuwa amepiga magoti mbele ya punda anafungua kamba. Nikamwambia aache tu, ni takataka, niliikata kwenye kitu cha zamani. Nikamwuliza atafikaje kwake.

"Nitaomba nyingine pale kwa fundi wa baiskeli. Ya kuazima hurudishwa," alisema. "Ama unataka watu waseme Mkamba alikula kamba?"

Alisubiri mpaka nikaifunga tena kwenye katoni mbele ya macho yake. Niliona ananichelewesha. Leo nikikumbuka napigwa na baridi.

Nyumbani: mita moja

Susu alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini mwa jiko, amevaa gauni la kanisani na leso mpya, tangu jana. Hakuwa amelivua ila kwa kulala. Alisikia miguu yangu.

"Wakya, mume wangu," alinisalimia kwa Kikamba.

"Aa, Susu."

Alinivuta mpaka uso wangu ukakaribia kugusana na wake. Alinitazama kwa lile jicho moja, kipande kwa kipande, paji, pua, kidevu, kama mtu anayesoma barua. Akasema nimekonda. Kisha akasema tuanze, chai baadaye, kwa sababu asubuhi ndiyo jicho lake linakuwa na nguvu.

Nikarudi nyuma mita moja. Mwanga ulikuwa mzuri, umegonga ukuta ukamrudia usoni kwa upole. Nikazungusha, mistari myekundu ikakaa kwenye kope, nikabonyeza. Nikakuza. Kila kope ilihesabika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuona kosa la kitaalamu, na bado picha ilikuwa mbaya.

Ilikuwa ya mtu aliyepotea. Kichwa kimeinama kidogo, jicho linatafuta, mdomo umefumbuka kama anayetaka kuuliza mlango uko wapi. Nilipiga nyingine. Nilimwomba atulie, atabasamu, anitazame. Kila nilipomwambia anitazame alizidi kutafuta. Nilipiga arobaini na kitu. Zote kali kama wembe, na zote za mwanamke anayeogopa.

Ilinichukua muda wa aibu kuelewa. Susu anaona umbali wa kiganja. Lenzi ya babu inaona kuanzia mita moja. Nikiwa karibu vya kutosha anione, lenzi haimwoni. Nikirudi nyuma lenzi imwone, yeye hanioni, mimi ni ukungu unaotoa amri. Nikisogea, picha inakufa. Nikirudi, uso unakufa. Niliketi chini kwenye vumbi. Nikamwambia ukweli, kwamba lenzi hii imekataa, kwamba nitarudi Machakos nikaazime lenzi nyingine, ya kisasa, inayokubali karibu. Wiki ijayo. Nilisikia neno lenyewe, ile kesho ya babu, likitoka kinywani, na Susu hakuwa na haja ya kunitania.

"Sawa," alisema tu. "Basi nipe mzigo wangu."

Nikamwekea katoni mapajani. Alianza kufungua fundo. Vidole vikasimama. Vikatembea kwenye kamba mpaka fundo la kwanza, la pili, la tatu, vikarudi.

"Hii kamba imefikaje kwenye sukari?"

Nikamweleza. Mkasi, vumbi, kitanzi nilichokitupa. Sikuficha. Akaanza kucheka, kicheko cha chini cha tumboni kilichomfanya ashike kigoda.

Kamera ya babu, alisema, ilianguka mezani mwaka wa kwanza wa studio. Tangu siku hiyo zile picha mbili za kidirishani zilikutana mahali pasipo pao; babu akiamini kidirisha, watu wanatoka ukungu. Hakukuwa na fundi wa karibu. Kwa hiyo Susu alisokota kamba. Fundo la kwanza lilikuwa la uso, la pili la mtu na mtoto wake, la tatu la maharusi. Ncha moja ilifungwa kwenye kamera. Mteja alishika fundo lake shavuni, chini ya jicho. Babu akakaza kamba, akaweka namba ya umbali kwenye lenzi, kisha Susu akaichomoa kamba vidoleni taratibu na kusema, tulia hivyo hivyo.

"Mkono shavuni," nikasema.

"Ulifikiri ni nini?"

"Mtindo."

"Mtindo," alirudia, akafuta chozi la kicheko. "Walimu wazima wameshika kamba, eti mtindo."

Aliomba kyondo alichokuwa anakisuka. Akachomoa nyuzi za katani, akaunga pale nilipokata. Nilimwuliza atajuaje urefu, nikakimbilia futi yangu ya kupimia, ninayotembea nayo popote. Hakuitaka. Aliweka fundo la kwanza kwenye ncha ya pua, akanyoosha mkono wa kushoto mpaka vidole vikaisha, akafunga hapo. Kamba hiyo, alisema, ilipimwa kwa mkono wake tangu mwanzo. Mkono haujarefuka.

Nilifunga ncha yangu nyuma ya ile pete ya chuma, nikazungusha kilichobaki kwenye kidole. Susu akaweka fundo shavuni, chini ya jicho lake. Kamba ikakaza kati yetu. Niliweka lenzi kwenye mita moja. Halafu, nakiri, nilikuza kuhakikisha. Ilikuwa pale pale.

Kisha akavuta, mvuto mdogo wa kuuliza. Nikavuta kidole changu, kumjibu. Nikaona bega linashuka. Jicho likaacha kutafuta na kufuata kamba mpaka kwangu, likatulia hapo. Hakuwa ananiona, lakini alijua niko wapi.

"Sasa achia, Susu, nimekwisha kupima," nilisema. "Kamba itaonekana kwenye picha."

"Wengine niliwachomolea," alisema. "Mimi siachii."

Nikabonyeza. Mara moja tu.

Chai

Nilimpa atazame kwenye kitundu cha kamera, si kwenye skrini. Nilisawazisha kigurudumu cha kukilinganisha na jicho lake na kukuza picha kadiri ilivyokubali, kisha nikaisogeza kipande kwa kipande, alivyosoma uso wangu. Mwanzoni aliona leso. Akataja rangi zake. Kisha akaona pua.

"Hiyo ni pua ya mama," alisema. Baadaye kidogo: "Kumbe nimezeeka vizuri. Babu yako alikosa."

Alikaa na kitundu kile jichoni mpaka chai ikafanya utando. Hakuulizia pembe.

Nilikaa siku nne badala ya moja, jina langu likifanya kazi yake. Nilipopita Wamunyu nikirudi nilimtafuta Mama Mumo nimpige picha yeye na punda, kwa fundo la tatu. Na nilipofika mjini niliichapisha picha ya Susu kwa ukubwa wa daftari, nikampa Kioko aliyekuwa anarudi Masii na magunia, aipitishe kwa boda. Jirani anasema Susu ameitundika karibu na kitanda, chini, mahali uso wake unapoweza kuifikia.

Mimi nina nakala, njooni mtazame. Pembe ya chini kushoto imelegea, sikuikata. Na mtaona mstari unaoanzia shavuni mwake, wazi kabisa, kila uzi wa katani unahesabika, halafu unakuja upande wenu ukipotea kidogo kidogo kuwa ukungu. Msiniulize kwa nini sikuufuta. Ncha yake ya pili haionekani kwa sababu nilikuwa nimeishika.